Kuukunja mpira mweupe: daftari la fundi cherehani, Januari hadi Mei

Jumamosi, 4 Januari

Jana usiku nimefungwa pool na kijana wa bodaboda, na wala hanizidi. Nilikuwa nimebakiza nyeusi tu, ile ya kumalizia gemu. Yeye alikuwa na mbili za mistari. Moja akaisukuma polepole, ikaenda kusimama katikati ya nyeupe, ile tunayoigonga kwa fimbo, na nyeusi yangu, kama mtu aliyeziba mlango makusudi. Snuka. Nikajaribu kuzungukia kwenye raba, ule ukingo wa meza unaodundisha mpira, nikakosa, ikawa faulo, akapewa shoti mbili, gemu ikaisha. Mia tano yangu imekwenda, na kelele za watu nikapewa bure.

Narudi nyumbani Tandika kwa miguu nawaza: kwenye soka mtu akiwekewa ukuta anaukunja mpira, unapita pembeni na kurudi golini. Nimeona watu kwenye simu wanafanya hivyohivyo juu ya meza. Mimi nacheza pool mwaka wa nane na sijawahi hata kujaribu.

Basi huo ndio mradi. Masika isiishe kabla sijaweza kuukunja mpira mweupe. Kipimo nimekiweka wazi ili nisije nikajidanganya: nyeupe, kizuizi sentimita 40 mbele yake, na shabaha sentimita 40 nyingine nyuma ya kizuizi, yote mitatu kwenye mstari mmoja. Nyeupe ipite kushoto kwa kizuizi bila kukigusa, irudi kulia, igonge shabaha. Mara saba kati ya kumi. Kutumbukiza sihesabu, kugonga kunatosha.

Jumapili, 5 Januari

0/10. Tena si sifuri ya kukaribia.

Nilidhani ni kuupiga tu mpira ubavuni. Nimelaza fimbo kama kawaida, nimegonga upande wa kulia, mpira umejisokota vizuri, unauona kabisa alama zake zinavyozunguka, lakini umekwenda moja kwa moja. Ulipofika kwenye raba ndipo ukachepuka. Kibaya zaidi, kila nilipogonga kulia, mpira ulianza kwa kuponyoka kidogo kushoto ya pale nilipolenga.

Mzee mwenye meza alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki ananiangalia. "Fundi, umecheza pia ya kuzungusha utotoni?"

Nimecheza, mzee.

"Pia ikisimama wima inakwenda wapi?"

Haiendi popote. Inazunguka palepale ilipo.

"Na ikianza kulala?"

Hapo inatambaa, inachora duara. Hakuongeza neno, akarudi kwenye redio yake. Nimefika nyumbani ndiyo nimeelewa. Fimbo ikilazwa, mpira unazunguka wima kama pia iliyosimama, na chini yake unasugua kitambaa mahali pamoja bila kusukumwa upande wowote. Ili ujikunje, mhimili wa ule mzunguko lazima uinamishwe, na wa kuuinamisha ni fimbo, kwa kuinuliwa nyuma. Yaani gonga ubavuni huku fimbo inashuka kutoka juu.

Na kule kuponyoka kushoto ni jambo jingine. Fimbo inapougonga mpira ubavuni inausukuma pia kwa pembeni. Mpira ukiwa mwepesi unaponyoka zaidi.

Jumatano, 8 Januari

Aibu fupi. Chaki ya pale mezani iliisha, nikatoa ya kwangu mfukoni, ile bapa ya kuchorea nguo. Nikaipaka kwenye ngozi ya nchani. Shoti ya kwanza, fimbo imeteleza kwenye mpira kama imepakwa sabuni, ikatoa ule mlio wa "tyak!" ambao kila mtu anageuka kuutazama. Chaki ya fundi imetengenezwa iteleze juu ya nguo na ifutike. Ya pool, japo inaitwa chaki, ni unga wa mawe magumu uliogandishwa, kazi yake kushika. Nimenunua vipande viwili Kariakoo na sasa vinakaa kwenye mfuko wa shati. Vile vingine vinabaki dukani.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimeinua fimbo. Mkono wa kushoto nimeusimamisha juu ya ncha za vidole, mkono wa kulia uko karibu na sikio. Mpira wa tatu umejikunja! Kidogo, kama upana wa vidole viwili, lakini umejikunja mbele ya macho yangu.

Wa nne nikaongeza nguvu, ncha ikapita ubavu wa mpira na kuchoma kitambaa. Haikutoboa. Imeacha alama nyeupe kama kovu la chanjo. Mzee alinyanyuka kabla fimbo haijatulia.

"Ukitoboa unalipa kitambaa kizima. Sishoni kiraka mimi."

Namjua, na ninajua vitambaa. Uzi wa sufu uliobanwa juu ya ubao wa jiwe ukikatika, tundu halibaki tundu, linafunguka kila siku mpaka linakuwa mfereji. Nikaomba radhi. Tumekubaliana: pale kwake nisiinue fimbo hivyo mpaka nimwonyeshe kwamba nagonga mpira na si meza. Amenipa nyeupe moja ya akiba, yenye ufa mdogo, nikafanyie mazoezi kwangu.

Jumapili, 26 Januari

Meza ya kukatia nguo ina urefu wa futi sita na imenyooka kuliko meza nyingi za pool za mtaani. Nimeondoa cherehani, nimefunga ukingo kwa mabaki ya sponji, nimetandika kipande cha kitambaa cha suti. Karakana tayari.

Kwanza nimepima. Futi kamba kuuzunguka mpira mweupe: sentimita 15. Ya rangi niliyoazima: sentimita 16. Kwa hiyo nyeupe ina kipenyo cha milimita 48 na nyingine 51. Miaka yote nacheza nikidhani macho yananidanganya, kumbe ni kweli nyeupe ni ndogo. Mzee anasema ndivyo meza inavyoitambua: nyeupe ikitumbukia hupita njia yake na kurudi kwa wachezaji, kubwa zinabaki zimefungiwa humo ndani mpaka ulipie tena. Kwa uzito ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita, ndiyo maana inaponyoka hivyo.

Halafu kijana wa jirani, anasoma uhandisi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja kuchukua suruali yake akakuta nimeinamia mpira. Nikamweleza. Akacheka, kisha akanyamaza, akaomba karatasi. Nikampa ile ya kahawia ya kukatia mitindo. Kumbe kuna Mfaransa, Coriolis, huyohuyo ambaye jina lake hutajwa kwenye habari za vimbunga, ambaye mwaka 1835 aliandika kitabu kizima cha hesabu za biliadi, ndugu yake pool. Na jibu lake kuhusu mpira unaojikunja linaingia kwenye karatasi moja ya mtindo:

Weka nukta pale mpira unapogusa kitambaa. Kisha uchukulie kwamba fimbo ni ndefu mno, inaupenya mpira na kushuka hadi kitambaani. Weka nukta ya pili hapo. Unganisha nukta hizo mbili kwa mstari. Mpira utaanza kwenda kule fimbo inakoelekea, utajikunja, na ukimaliza kujikunja utakuwa unaelekea sambamba na ule mstari.

Nimesoma hadi darasa la saba, lakini kuchora kitu kwa ukubwa wake halisi ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nikachora mpira wa milimita 48 ukitazamwa ubavuni na kutoka juu, nikachora fimbo ikipita milimita 10 kulia kwa katikati. Kwa kipimapembe cha mkebe wa mtoto: fimbo ikiinuliwa digrii 25, mpira unabadili mwelekeo kwa kama digrii 11. Ikiinuliwa 40, kama 19. Ikiinuliwa 45, zaidi ya 22. Kupita kizuizi changu na kurudi kwenye mstari, 11 hazitoshi. 19 zinatosha.

Na kwa nini milimita 10, nisiende 15 nipate zaidi? Kwa sababu ukivuka nusu ya njia kutoka katikati kwenda pembeni, ngozi haishiki tena, ni "tyak!" ileile hata upake chaki ya namna gani. Kwa mpira huu nusu ya njia hiyo ni milimita 12. Nimejiachia mbili za kukosea.

Jumapili, 2 Februari

Leo nimejifunza kitu ambacho sikukitafuta.

Nilikuwa naogopa kuchafua kile kitambaa cha suti, ni cha mteja, kimebaki kwenye oda. Nikakitoa, nikatandika satini ya bitana. Fimbo digrii 40, kulia milimita 10, nguvu ileile. Mpira ukaenda mbele unang'aa, umenyooka, umenyooka, ukafika kwenye sponji. Nikadhani nimekosea mkono. Mara kumi, hivyohivyo. Nikarudisha cha suti: umejikunja kabla ya nusu ya meza.

Basi kazi ya siku nzima ikawa hiyo. Satini. Khanga. Tetroni ya sare za shule. Jinzi. Cha suti. Kila kimoja mipira kumi, na naweka alama kwa chaki (ya kwangu, hatimaye imepata kazi) pale ninapoona mpira unaanza kugeuka. Kwenye jinzi na cha suti unageuka mapema. Khanga na tetroni katikati. Satini, meza inaisha haujaanza.

Kijana wa Mlimani alipopita jioni nikamwonyesha zile alama nikiwa najiona nimemkosoa Mfaransa wake, maana kwenye mchoro hakuna mahali palipoandikwa kitambaa. Akasema ndiyo maana yake hasa. Fimbo ndiyo inayoamua mpira utaishia kuelekea wapi. Kitambaa kinaamua utafika lini kwenye uelekeo huo. Hata kwenye satini ungegeuka digrii zilezile, ila ungehitaji meza ya kuanzia hapa hadi barabarani.

Nimekaa nalo hilo jambo muda mrefu. Wiki nne nimekuwa nikilaumu mkono kila mpira ulipochelewa kujikunja, nikiongeza nguvu ili ujikunje zaidi. Ni kinyume. Ukiongeza nguvu mpira unateleza mbali zaidi kabla kitambaa hakijaushika. Kitambaa kinataka muda, na mimi nilikuwa nakinyima.

Jumapili, 9 Februari

3/10 mezani kwangu. Nguvu nimepunguza hadi ile ya kusukuma mpira kidogo zaidi ya urefu wa meza.

Jumamosi, 15 Februari

Nimerudi kwa mzee, saa kumi na moja jioni. Siku za kazi meza yake inafunikwa turubai mpaka saa kumi, mtendaji wa mtaa hataki kuona vijana wameshika fimbo wakati wenzao wako kazini, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku ya watu. Nikamwamkia, nikamwonyesha. Mipira mitano mfululizo, fimbo juu, hakuna hata mmoja uliogusa kitambaa. Akachungulia karibu kabisa kwa miwani yake.

"Haya. Lakini ukilewa, hapana."

Sinywi, mzee.

"Basi ukiudhiwa, hapana."

Niandike mkono ulivyo kabla sijasahau. Vidole vitatu vya kushoto vimesimama, kidole gumba kimeinuka, fimbo inalala kwenye lile bonde. Kwa kuwa vidole vimesimama, kiganja chote kinataka kutetemeka. Nakibana kwa kuegemeza nyonga kwenye meza. Mkono wa kulia unashika kwa vidole viwili na gumba, mlegevu, kama unavyoshika mkasi mkubwa unapokata kitambaa chepesi. Ukiukaza, fimbo inachimba. Na unagonga kisha unaacha. Si kusindikiza mpira kama kwenye shoti ya kawaida. Ncha inagusa, inaruka, inarudi.

Mahali pa kugonga: ukiutazama mpira kwa mstari wa fimbo, kutoka kule juu, uufanye kuwa uso wa saa. Gonga saa tisa, pale mshale unapoelekea tatu. (Nilimweleza hivi kijana mmoja aliyekulia Nairobi akagonga kushoto kwa kuelekeza kwenye namba tisa. Kosa langu.)

2/10. Kitambaa cha mzee kimechakaa katikati kwa kuvunjiwa mipira, yaani kuitawanya mwanzo wa gemu, kinang'aa. Pale katikati mpira unachelewa. Pembeni, ambako manyoya bado yapo, unajikunja vizuri. Nikahamishia mazoezi pembeni.

Jumapili, 23 Februari

5/10. Nne kati ya zilizokosa zilipita kizuizi vizuri na kukosa shabaha kwa unene wa kidole. Moja iligonga kizuizi katikati ya uso.

Mzee ameniuliza swali ambalo nimekuwa nalikwepa: kwa nini nisijifunze tu raba? Wakati mwingi ukiwa snuka, raba moja inakutoa, na raba haitoboi kitambaa. Ni kweli. Yule Mfilipino Efren Reyes, bingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 1999, sifa yake kubwa ni kutoka kwenye snuka kwa raba. Nimemjibu mzee kwamba ile siku ya bodaboda raba yake ilikuwa imekufa upande ule, mpira ulirudi nusu. Akakasirika kidogo. Lakini ni kweli, na ile raba ameibadilisha wiki hiihii.

Machi

Hakuna. Ramadhani, na fundi cherehani anayecheza pool wiki mbili kabla ya Idi anatafuta kesi na wateja. Kanzu, magauni ya watoto, kanzu. Nyeupe ya akiba imekuwa kizito cha kuzuia karatasi.

Jumapili, 6 Aprili

Mikono imesahau kidogo, macho hayajasahau. Ila kuna jipya: mvua. Imenyesha tangu juzi, kibanda kina bati na pande mbili ziko wazi, kitambaa ukikigusa kwa mgongo wa mkono kina ubaridi. Mipira yangu yote inageuka mapema mno, inarudi kulia kabla haijavuka kizuizi na kukigonga. 1/10.

Bila zile jinzi na satini za Februari ningerudi nyumbani nimekata tamaa. Kitambaa kimevuta unyevu, kinashika. Kimekuwa jinzi. Kwa hiyo fimbo palepale, pembe ileile, niongeze nguvu tu ili mpira uchelewe. Raundi ya pili: 5/10. Nimefurahi kuliko siku ile ulipojikunja mara ya kwanza, na hakuna aliyeona maana watu wote walikuwa wamesogea upande usiovuja.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, nimefunga duka, niko mezani kutoka mchana. Jua limewaka siku tatu. Nimeanza kwa mipira mitatu ya kupima kitambaa, siihesabu, kama unavyoshona kipande cha mabaki kabla ya kugusa nguo yenyewe. Kisha kumi.

Kosa. Gonga. Gonga. Gonga. Kosa, kwa kizuizi. Gonga. Gonga. Kosa, imepita nje. Gonga. Gonga.

7/10. Mzee ametia sahihi kwenye daftari, kaandika na saa.

Jioni kijana wa bodaboda kaja. Sikutaka kuilazimisha, lakini gemu ya pili amenipa mwenyewe: nyeusi yangu karibu na shimo la kona, ya mistari yake mbele, nyeupe umbali wa mikono miwili. Nikasimamisha vidole. Mtu mmoja nyuma akasema "anataka kuchana kitambaa huyu," mzee akamwambia nyamaza. Mpira ukaenda kushoto, ukapita, ukawa kama umekumbuka kitu, ukarudi. Ukaigusa nyeusi. Taratibu sana, nyeusi ikasogea ikasimama mdomoni mwa shimo, haikuingia.

Makelele. Bodaboda kaniambia, "Kaka, hiyo umeitoa wapi?" Kisha, kwa kuwa hakukuwa na faulo alikuwa na shoti moja tu, akaitumbukiza ya mwisho ya mistari, na nyeusi iliyokuwa mdomoni akaimalizia. Nilikuwa nimemwandalia mwenyewe.

Jumamosi, 10 Mei

Mzee ameamua kubadili kitambaa, na kaniita nimsaidie kukata. Tumevua cha zamani. Chini yake jiwe limejaa unga wa chaki wa rangi ya samawati, tumefagia kopo zima. Kabla ya kukata nimepitisha kiganja kwenye kipya kutafuta manyoya yamelalia wapi, maana meza ikivishwa kinyume mipira itakuwa inavutwa upande usiojulikana. Yanatakiwa yalale kutoka upande wa kuvunjia kwenda mbele. Mzee alikuwa ameshakiweka kinyume. Hakusema asante ila amenitolea soda.

Tumevuta, tumebana, tumepiga brashi na pasi ya moto mdogo. Kikiwa kipya kinateleza kama maji. Nimepanga mipira yangu mitatu, fimbo digrii 40, milimita 10, nguvu ya siku ya jua.

0/10. Yote imepita kizuizi imenyooka na kwenda kugonga raba ya mbali. Nimepunguza nguvu: 2/10.

Nimeomba kile kipande kilichobaki, kina upana wa mkono mmoja na urefu wa mita na nusu. Kiko juu ya meza ya kukatia sasa hivi, nimekibana kwa pini pande zote, na nyeupe yenye ufa iko juu yake.